Wengi wape, sawa. Na wachache tuwawekee nini?

#1 BintiWaDiko (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kijijini kwetu, Pemba kaskazini, kamati ya wavuvi iliitisha mkutano wa kufunga mwamba miezi mitatu ili pweza wakue. Jambo lenyewe si baya wala si geni. Wavezo wa kusini-magharibi mwa Madagaska walilianza 2004 wakaona tija, na hapa kisiwani vijiji kadhaa vimeshafunga na kufungua. Ubishi ulikuja kwenye mwamba upi ufungwe. Ilitajwa miwili: wa nje, ambao bila ya chombo hufiki, na wa karibu, ambao maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yakipwa unaufikia kwa mguu. Ikapigwa kura ya mikono. Wenye vyombo na wazamiaji ndio wengi. Wanawake wanaochokoa pweza kwa kijiti ni wachache, tena walikaa nyuma. Ukafungwa wa karibu. Katibu akaandika "wengi wamekubali", akafunika daftari.

Sasa tazameni mzigo umemwangukia nani. Mwenye ngalawa, mwamba wa karibu ukifungwa, anatweka tanga anakwenda wa nje. Mama yangu mkubwa hana ngalawa. Bahari yake yote ni pale anapofika kwa miguu yake na ndoo yake, akarudi kabla maji hayajajaa. Miezi mitatu anakaa. Siku ya kufungua, wazamiaji wanaingia alfajiri na miwani yao, wengine wametoka vijiji vya mbali kabisa, na yeye anapofika maji ya magoti, pweza wakubwa wameshapakiwa. Aliyefunga ni yeye, aliyefuturu ni mwengine.

Nilipouliza, mzee mmoja alinijibu kwa upole: "Mwanangu, si wewe unayesomesha uraia? Demokrasia ni wengi wape."

Ni kweli nasomesha uraia, skuli ya sekondari, na jibu lile ndilo wanafunzi wangu wanalotoka nalo kila mwaka hata nifanye nini. Wanajua kuhesabu mikono. Lakini kura inajibu swali moja tu: nani aamue. Swali la pili, aamue mpaka wapi, kura hailijibu. Hilo ndilo lililowafanya watu waweke orodha ya haki kwenye katiba, mahakama ambazo majaji wake hawapigiwi kura, mambo yanayotaka theluthi mbili, na mengine yasiyoguswa bila ya kuwarudia wananchi wenyewe.

Na sisi Wazanzibari tunayajua haya vizuri sana tukiwa tunaitazama Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na Wazanzibari ndani yake ni 1,889,773, yaani kama watatu katika kila mia. Kwa wengi wape, tusingekuwa na la kusema. Kinachotuweka mezani ni maandishi. Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano inasema mambo manane yaliyoorodheshwa kwenye nyongeza, ikiwemo mamlaka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu yetu, orodha ya mambo ya Muungano na idadi ya wabunge wetu, hayabadilishwi mpaka ipatikane theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kivyake. Wabunge wote wa Bara wakinyanyua mikono miwili miwili, upande wetu ukipungua theluthi mbili, jambo halipiti.

Hakuna Mzanzibari niliyemsikia akisema ibara hiyo ni dhulma kwa walio wengi. Lakini leta fikra ile ile kwenye diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, useme mwamba wa wachokoaji usifungwe mpaka wachokoaji nao wakubali kivyao, utaambiwa unaleta mgawanyiko.

Ndilo ninalouliza. Haki tunayoidai tukiwa wachache, mbona inatuwia nzito tukiwa wengi?

#2 Kipanga

Naweka kambi hapa. Ila kutoka kwenye pweza mpaka Ibara ya 98, Bi, umetweka tanga kubwa.

#3 MzeeWaNgambo

Binti yangu, umeandika vizuri na mwalimu unaonekana. Lakini ukiwa Unguja ukitamka "kuwalinda wachache", wazee wa rika langu tunakumbuka jengine kabisa.

Uchaguzi wa Julai 1963, ASP, chama chetu, ilipata asilimia 54 ya kura. Wengi, au si wengi? Ikapewa viti 13 kati ya 31. Wenzetu wa vyama vya ZNP na ZPPP, kwa kura chache zaidi, wakapata 18 wakaunda serikali, na Uhuru wa Disemba wakakabidhiwa wao. Majimbo yalikatwa vile kwamba kura zetu zilijazana mahali pamoja, unashinda jimbo kwa maelfu na bado ni kiti kimoja, na wenzetu wanashinda kwa vikura wanapata kiti kile kile. Mwezi mmoja baadae ni Mapinduzi ya Januari 12, na yaliyofuata yanajulikana, sina haja ya kuyafukua.

Kwa hiyo mtu anaponiambia wengi wawekewe mipaka, mimi nauliza: na nani, na kwa faida ya nani? Wafanyakazi wa karafuu na wachukuzi wa bandarini waliambiwa wasubiri kwa lugha nzuri nzuri kama hii. Haya mambo ya kuzuia wengi, mara nyingi anayeyapenda ni mwenye kitu.

#4 BintiWaDiko

Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa nasubiri 1963 itajwe, na nashukuru umeitaja wewe na si mtu wa matusi.

Uliyoyaeleza ni wachache kutawala. Mimi sisemi wachokoaji waendeshe kamati. Wenye vyombo wakiwa wengi, mwenyekiti awe wao, katibu wao, ratiba wao. Ninachotaka ni kwamba pana kitu kimoja ambacho wingi wao usikifikie, nacho ni riziki ya mtu asiyekuwa na pahala pengine pa kwenda. Serikali ya 1963 ilipewa usukani wote bila ya kuwa na wengi. Hilo silitetei.

Lakini nami niulize, baba. Baada ya 1964 wengi walishika nchi, na Baraza la Mapinduzi likatawala kwa amri, hakuna uchaguzi wa viongozi wa Zanzibar mpaka 1980, hakuna katiba ya Zanzibar mpaka 1979, na orodha ya haki za mtu haikuingia mpaka Katiba ya 1984. Katikati hapo, 1970, wasichana wa Kiajemi wakaozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa. Wazee wao wangekwenda kushitaki wapi? Kwa kifungu kipi? Familia zile hazikuwa na majumba ya kutisha wala mashamba ya kutawala watu. Zilikuwa chache tu. Tajiri ana njia zake nyingi za kujilinda, atapanda ndege. Anayebaki kuihitaji karatasi ni yule mwengine.

#5 MgalatiaWaMwanakwerekwe

Mleta uzi hongera, hoja imesimama. Sasa mniruhusu mimi niliyekuja kutafuta maisha nitie chumvi kidogo.

Mimi ni wa Bara, Mkristo, nina miaka mingi Unguja, watoto wamezaliwa hapa, Kiswahili chao si changu tena, wanasema "skuli" na "mwengine". Naheshimu Ramadhani. Mchana sili mbele ya watu, sivuti sigara njiani, na jirani zangu futari wananiletea mpaka naona haya. Hiyo ni heshima na sina neno nayo. Neno ninalo kwenye polisi. Machi 2024 walikamatwa watu hapa Unguja kwa kula mchana. Tukisema wengi wameamua, tumemaliza? Maana Zanzibar nzima sisi hatujai hata kata moja ya Dar.

Nawasikia wenyeji kila siku: Bara wanatumeza, Bara ni wengi, Bara hawatusikilizi. Nakubali, mengine ni kweli kabisa. Lakini mimi nikinyanyua mkono hapa naambiwa "ukiona hapakufai, boti ipo".

#6 Shangani_Moja

Boti ipo kweli lakini, saa moja asubuhi 😂

Natania, kaka. Ila nchi ina mila zake. Ukienda kwa watu, fuata wanavyokwenda.

#7 KotiJeusi

Naingia hapa kwa sababu hizi ndizo mada zinazonilisha.

Shangani, mila na sheria zinatofautiana kwenye nani anakuja kukugongea mlango. Mila akikugongea jirani, mnazungumza yanakwisha. Akija askari, lazima awe na kifungu mkononi, na kifungu kile lazima kipimwe kwenye katiba. Katiba ya Zanzibar ya 1984 sura ya tatu inatoa uhuru wa dini, halafu kifungu cha 24 kinakubali haki ziwekewe mipaka. Ila mpaka wenyewe lazima uwekwe kwa sheria, uwe wa lazima na unaokubalika katika mfumo wa kidemokrasia, na usiibomoe haki kwenye msingi wake. "Wengi wanataka" peke yake haitoshi. Kila upande uje na hoja, jaji apime.

Watu wanauliza inakuwaje jaji ambaye hakupigiwa kura azuie jambo la wengi. Ndiyo kazi yake hiyo. Mfano wa hapa hapa nchini: wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa, kwa imani yao. Ungepigisha kura Tanzania nzima, wangeshindwa kabla ya saa nne asubuhi, maana hata mimi wimbo ule naupenda. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, na 2013 mahakama ikawapa haki yao, kwamba kukataa kuimba kwa sababu ya dini si kuuvunjia heshima wimbo wala nchi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifika pale pale 1943, kwa watoto wa dini hiyo hiyo waliokataa kuisalimu bendera, tena vita vya dunia vikiwa vinapiganwa.

Na kwa Waislamu wenzangu mnaoona haya ni mambo ya kuwabeba wengine, nikupelekeni Uswisi. Novemba 29, 2009 walipiga kura ya maoni kuhusu minara ya misikiti. Nchi nzima ilikuwa na minara minne. Asilimia 57.5 wakasema isijengwe tena, ikaingia kwenye katiba yao. Kura safi, hakuna wizi, hakuna bomu la machozi, na watu walijitokeza kwa amani. Tuliyoyasema humu mitandaoni mwaka ule nayakumbuka, hakuna aliyesema "wengi wape".

#8 MgalatiaWaMwanakwerekwe

Wakili, la Uswisi nalichukua, nitalitumia barazani kesho.

#9 Mtambwe

Mnapiga vifungu vizuri mpaka raha. Mimi niwaletee ya chini.

Urais wa Zanzibar 1995, Salmin wa CCM alipewa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8. Baraza la Wawakilishi CCM 26, CUF 24. Pemba viti vyote 21 ni CUF. Tofauti haifiki hata nusu ya mtu katika mia, lakini aliyetangazwa alichukua serikali nzima, na kisiwa kizima kikawa kama hakikupiga kura. Katiba ya 1984 ilikuwepo, haki zote zimeandikwa. Januari 2001 zilikuwepo vile vile, na watu wakapigwa risasi hapa Pemba, wengine wakavuka bahari mpaka Shimoni kuomba hifadhi Kenya.

Haya, ikaja 2010. Maridhiano ya CCM na CUF, kura ya maoni asilimia 66.4 wakakubali, katiba ikarekebishwa, Makamu wa Kwanza akatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, mawaziri wakagaiwa kwa uwiano wa viti. Nililia siku ile, sioni haya kusema. Halafu Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akasimama kwenye televisheni akafuta uchaguzi wote. Marudio ya Machi 2016 CUF haikuingia, mshindi akapata asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna mwengine aliyefika asilimia 10, kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu mpaka 2020.

Kwa hiyo mnieleze. Breki gani hiyo ambayo dereva anaweza kuing'oa akaitia mfukoni?

#10 KotiJeusi

Mtambwe, sikupingi hata tarehe moja. Nitakuonesha tu ilipokatikia.

Marekebisho ya 2010 yaliweka walinzi kwenye mambo mengi. Yaliandika kwamba vifungu kadhaa vya msingi, vikiwemo vya muundo ule wa serikali, Baraza pekee haliwezi kuvibadilisha hata likipata theluthi mbili, mpaka kwa kura ya maoni. Na angalia, hata 2016, Baraza likiwa karibu lote la chama kimoja, hawakuifuta Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kiti kilikaa kitupu, lakini kilikuwepo, na 2020 Maalim akakikalia kwa asilimia zake 19.87. Bila ya ule mlango wa kura ya maoni nina hakika mtu angeshaleta mswada usiku.

Ambapo hapakuwekwa mlinzi ni kwa anayehesabu. Muundo wote unasimama juu ya matokeo ya kura, na matokeo ya urais katiba zetu zimekataza mahakama yoyote kuyachunguza baada ya Tume kutangaza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema 2020 kwamba katazo la namna hiyo kwenye Katiba ya Muungano linakwenda kinyume na mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Katazo lipo bado. Ukijenga nyumba ya wachache juu ya hesabu isiyoulizika, si ajabu ikaondoka na hesabu yenyewe. Kwa hiyo tuiulize hesabu, lakini vifungu vyengine tusivitupe.

#11 MwanaMajiMoto

Nasoma nikiwa Port Louis, nafanya kazi bandarini huku. Hawa Wamorisi wana kitu chao. Bunge lao wanachagua watu 62, halafu Tume inaongeza mpaka wanane kutoka miongoni mwa walioshindwa, ili jamii iliyopata viti pungufu isikose mtu. Wanaita mfumo wa washindwa bora, upo tangu uhuru wao 1968. Wahindu ni wengi hapa, lakini Mwislamu na Mchina wanajua hawatafutika.

Ila una kichomi. Mgombea analazimishwa kujaza wewe ni jamii gani: Mhindu, Mwislamu, Mchina, au "watu kwa jumla". Wapo waliokataa kujaza, majina yao yakaondolewa, wakafika mpaka Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na 2012 wakapewa haki. Sasa jiulizeni kwetu: mgombea ajaze fomu aseme yeye Mpemba, Mtumbatu, Mmakunduchi, Mngazija, Mmakonde? Astaghafirullah. Tutapigana kabla ya kufika kituoni.

#12 Mtambwe

Huku kwetu hawahitaji fomu, wanakujua ukisema salamu tu.

#13 NahodhaMstaafu

Niongeze la Wapemba wa pwani ya Kenya, maana Shimoni imetajwa. Wapo Wapemba wamekaa Kwale na Kilifi vizazi na vizazi, wavuvi, wamezaa na kuzika kule, na hawakuwa na kitambulisho. Huna kitambulisho, huna leseni ya uvuvi kwa jina lako, huna akaunti ya benki, laini ya simu unasajiliwa na jirani. 2023 serikali ya Kenya ikawatambua kuwa raia.

Ninalotaka kusema ni kwamba wale hata kura hawakuwa nayo. Wengi wape au wachache wape, wao hawamo kwenye kuhesabiwa kabisa. Walikwenda kwa ombi, kwa mashirika ya haki, kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Hakuna mbunge anayepoteza kiti kwa kumsahau mtu asiyepiga kura. Kwa hiyo mkiandika ulinzi wa wachache, tazameni na asiyehudhuria mkutano.

#14 MwenyeNgalawa

Nimesoma mote kimya kimya. Sasa nami nizungumze, maana mimi ndiye "wengi" mnayemsema. Si kijiji chako, Bi mleta uzi, lakini chetu tulifanya hivyo hivyo, tukafunga mwamba wa karibu.

Hatukuwafanyia uadui wachokoaji, mama yangu mwenyewe kachokoa mpaka goti likakataa. Tulifunga wa karibu kwa sababu ndio unaolindika. Wa nje una mkondo, usiku nani akalinde? Doria inataka mashine, mafuta, na vijana wawili watatu wasiolala. Tukifunga wa nje, tunawafungia wezi. Watakuja na taa, wachukue wote, na kijiji kizima tumekosa, wachokoaji pia. Hilo hamkuliandika popote. Kwenye maneno yenu wengi wanaamua kwa sababu wana choyo. Wakati mwengine wengi wanaamua kwa sababu wamefanya hesabu.

Na hii ya kwamba kila upande ukubali kivyake, naiogopa. Wachokoaji wakikataa kila mwaka? Mwamba haufungwi kamwe, pweza wanakwisha, halafu tunakaa wote na haki zetu.

#15 BintiWaDiko

Kaka yangu, la doria ni la haki na mkutanoni kwetu halikusemwa na mtu. Lingesemwa, pengine wachokoaji wangelikubali. Na hapo ndipo ninapoona faida ya wao kukubali kivyao: ukijua huwezi kupita bila ya kumshawishi mama mkubwa, utalazimika kumwambia sababu. Ukijua mikono yako inatosha, unanyanyua unakwenda zako kusali.

Na wasiwasi wako wa kukataa milele, sikuupuuzi. Hebu tuseme hivi. Wachokoaji waweze kukataa mwamba wa mguu usifungwe wote, lakini wasiweze kukataa ufungaji wenyewe. Mukitaka wa karibu, kipande kibaki wazi kwa wanaokwenda kwa mguu, bila ya chombo, bila ya miwani. Na siku ya kufungua, bamvua la mwanzo liwe lao peke yao, vyombo vingojee.

#16 MwenyeNgalawa

Bamvua zima? Siku tatu au nne hizo, Bi. Wazamiaji wataniua.

#17 BintiWaDiko

Siku mbili basi. Umeona, tumeshaanza kuzungumza.

#18 KotiJeusi

Niwaandikieni bure, msije ofisini:

"Sehemu ya mwamba inayofikika kwa mguu haitafungwa yote isipokuwa kwa kukubali wengi wa wachokoaji waliohudhuria, wakihesabiwa peke yao. Siku mbili za mwanzo za kufungua ni za wachokoaji wa mguu wa shehia."

Itieni kwenye kanuni za kamati, mwenyekiti na sheha, mkuu wa shehia, wasaini. Sheha hachaguliwi, anateuliwa, kwa hiyo msitegemee atawaogopa wapiga kura. Mtegemee maandishi.

#19 MwenyeNgalawa

Nani mchokoaji? Mke wangu huchokoa mara moja moja akijisikia. Naye atahesabiwa upande wa wachokoaji? Kwa sababu akihesabiwa, na wake wa wazamiaji wote wakihesabiwa, wachache wenu watakuwa wengi kwa usiku mmoja, tena kwa amri yetu sisi.

#20 BintiWaDiko

Nilifikiria daftari la mnada. Aliyeuza pweza pale dikoni msimu uliopita kwa jina lake.

#21 MwenyeNgalawa

Wachokoaji wengi hawafiki mnadani. Wanauzia njiani kwa mchuuzi wa baiskeli, au wamekopa unga kwake na pweza ndio malipo. Daftari litawatoa wale wale mnaotaka kuwalinda.

#22 MzeeWaNgambo

Hapo sasa ndipo tulipokuwa sisi 1963. Nani anahesabiwa wapi.

#23 BintiWaDiko

Basi orodha waitengeneze wachokoaji wenyewe, isomwe hadharani, mwenye pingamizi aseme pale pale. Na mkutano, kaka, kokote utakakoitishwa, kwenu au kwetu, usiwekwe tena siku za bamvua. Siku zile wao wako mwambani, wanaobaki kijijini ni wenye vyombo. Muuweke maji mafu, bahari isipokupwa sana, baada ya alasiri.

#24 MwenyeNgalawa

Maji mafu sisi ndio tunaotoka kutega madema. Lakini baada ya alasiri tunakuwa tumesharudi. Nitamwambia katibu.